Mawenzi iko upande gani? Namna ninavyokagua picha ninayoishuku

Ukisimama Moshi mjini asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, vilele viwili vya Kilimanjaro hukaa hivi: Kibo mkono wako wa kushoto na Mawenzi mkono wa kulia. Ukiuzunguka mlima, ukavuka mpaka na kuingia Amboseli upande wa Kenya, mpangilio unageuka: Mawenzi inakuwa kushoto na Kibo kulia. Kibo ina mita 5,895, Mawenzi 5,149, na hakuna lenzi wala hali ya hewa inayoweza kuzibadilishia nafasi. Programu ya kuhariri picha inaweza, tena kwa kubonyeza mara moja.

Mimi ni mpiga picha, na pamoja na kazi zangu hukusanya picha za wenzangu kwa ajili ya kalenda ya ukutani tunayoichapisha Arusha. Picha huletwa kwa WhatsApp, kwa barua pepe, wengine huja na flashi mkononi. Kila picha inayopita inalipiwa, na jina la aliyeipiga linaandikwa chini yake. Maana yake ni kwamba nikimlipa asiyestahili nimemnyima mwenye haki riziki yake, na nimelitundika jina la mtu mwingine juu ya jasho lake kwa mwaka mzima. Ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito, na ndiyo maana nimeamua kuandika kwa urefu jinsi ninavyolifanya. Vijana wengi huniuliza, na jibu haliwezi kutosha kwenye ujumbe mfupi.

Picha iliyonifundisha zaidi ililetwa na kijana mmoja mwenye adabu nyingi. "Shikamoo kaka. Hii niliipiga Enduimet." Kundi la tembo linatembea kwenye vumbi, jike kiongozi mbele, ndama katikati, mlima nyuma umejaa fremu nzima. Picha nzuri kwelikweli. Lakini Mawenzi ilikuwa kulia. Enduimet iko kaskazini-magharibi mwa mlima. Ukiwa huko Mawenzi hujificha nyuma ya Kibo au huchungulia kwa upande wa kushoto. Kuiona kulia namna ile inabidi uwe kusini, na kusini kuna Moshi, kuna mashamba ya miwa, kuna mabati ya nyumba za watu. Hakuna uwanda wa vumbi wenye kundi la tembo kama lile.

Niliipitisha ile picha kwenye injini za kutafuta kwa picha, sikupata kitu. Nikaigeuza, kulia ikawa kushoto, nikaitafuta tena. Ikatokea kwenye tovuti ya mpiga picha wa Kenya, chini yake imeandikwa Amboseli, na ilikuwa na nafasi zaidi pande zote: tembo mmoja aliyekatwa nusu upande wa nyuma katika picha niliyoletewa alionekana hapo akiwa mzima.

Wengi wangeishia hapo, wangepiga skrinishoti mbili, wangeziweka sambamba na kuposti: "Mwizi huyu hapa." Nitaeleza kwa nini mimi siishii hapo. Kwanza tuzungumzie huko kutafuta.

Kutafuta kwa kutumia picha badala ya maneno kulianza kupatikana kwa watu wa kawaida mwaka 2008, kampuni moja ya Toronto ilipozindua TinEye. Google ilifuata mwaka 2011, na leo kazi hiyo inafanywa na Google Lens. Bing na Yandex nazo zina zao. Hazifanyi kazi kwa namna moja. TinEye hutengeneza alama ya picha, kisha huilinganisha na alama za picha ilizokwisha kuzikusanya mtandaoni. Ni nzuri sana kwa kutafuta nakala ya picha ile ile hata ikiwa imepunguzwa au imebadilishwa rangi. Google Lens hupenda kukuletea vitu vinavyofanana: ukimpa tembo, atakuletea tembo wengi. Inabidi uchague sehemu inayoonyesha zinazolingana kabisa, la sivyo utapotea. Mimi hutumia zote, kila mara, kwa kuwa inachokikosa moja mara nyingi nyingine inacho.

TinEye hukuruhusu kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Watu wengi huchukua tokeo la kwanza na kusema huyu ndiye mwenyewe. Tarehe ile ni ya siku ambayo injini iliiona picha kwa mara ya kwanza kwenye ukurasa ule. Mwizi mwenye tovuti inayotembelewa sana huonekana na injini mapema kuliko mwenye picha ambaye tovuti yake haijulikani. Kwa hiyo tarehe hizo nazichukua kama mahali pa kuanzia kuuliza.

Hiyo mbinu ya kugeuza picha ina historia ya kusikitisha. Mwaka 2017 BBC ya Brazil ilifichua habari ya mtu aliyejiita Eduardo Martins. Alijitambulisha kuwa mpiga picha wa vita kutoka São Paulo, aliyepona saratani ya damu, anayefanya kazi na Umoja wa Mataifa. Alikuwa na wafuasi zaidi ya 120,000 Instagram na picha zake zilitumiwa na vyombo vikubwa vya habari duniani. Mtu huyo hakuwepo. Picha zilikuwa za watu wengine, akiwemo Mmarekani Daniel C. Britt, na alizigeuza kulia kuwa kushoto na kuzikata kidogo ili injini zisizitambue. Hata uso aliokuwa akiuonyesha kuwa wake ulikuwa wa kijana wa Kiingereza anayecheza na mawimbi ya bahari, ambaye hakuwa na habari yoyote. Wahariri wa nchi kadhaa walizungumza naye kwa ujumbe, na waandishi wenye kuujua uwanja wa vita walipoulizana, hakuna aliyewahi kukutana naye.

Nikiitazama picha ya huku kwetu, kugeuzwa kwake mara nyingi hubainika kwa macho tu, bila injini. Kanga ina maandishi chini. Yakisomeka kinyume, umemaliza. Usukani wa gari Tanzania, Kenya na Uganda uko kulia. Namba za magari, mabango ya barabarani, maandishi ya ubavuni mwa daladala na matatu, jina la mashua, vyote husema. Mwenye kamera mkononi naye hukusaidia, kwa sababu kitufe cha kupigia kiko upande wa kulia wa kamera karibu zote. Picha za porini ndizo ngumu, kwa kuwa mti na simba havina upande. Huko ndiko milima inakuwa msaada: Kilimanjaro, Meru yenye bonde lililobomoka upande wa mashariki, Ol Doinyo Lengai. Mtu aliyekulia chini ya mlima anajua umbo lake kama anavyojua sauti ya mama yake, na huo ni ujuzi ambao mhariri wa mbali hana. Tuutumie.

Sasa kwa nini sikuposti.

Mwezi Machi 2018, huko New Hampshire, Marekani, kulikuwa na dhoruba kubwa baharini. Mpiga picha Ron Risman alipiga picha ya mawimbi yakiufunika mnara wa taa wa Whaleback, na kituo kimoja cha televisheni kikaiweka kwenye ukurasa wake. Mtu akaandika chini kwamba picha hiyo imeibwa kutoka kwa mpiga picha mwingine. Risman alipoiona ile nyingine alidhani yeye ndiye aliyeibiwa, maana wimbi lilikuwa lile lile, matone yale yale, umbo lile lile la povu hewani. Akaziweka sambamba na kuzichunguza kidogo kidogo hadi akaona vitu vidogo kwenye mnara ambavyo havikukaa sawa. Yule mwingine, Eric Gendron, alikuwa amesimama si mbali naye siku ile. Watu wawili wasiojuana walibonyeza kamera katika chembe moja ya sekunde. Hakuna aliyemwibia mwenzake.

Habari hii inatuhusu sana sisi wa huku. Nenda Serengeti wakati nyumbu wanavuka Mto Mara uhesabu magari yaliyopangwa ukingoni. Kila gari lina kamera nne, tano, sita, zote zimeelekezwa kwa nyumbu yule yule anayeruka. Au nenda Ngorongoro simba akiwa juu ya jiwe. Kila jioni picha mamia zinazofanana huingia mtandaoni, na zote ni halali. Mtu akikimbilia kusema "wizi" kwa sababu picha mbili zinafanana, atamchafua mtu asiye na kosa, na jina la mpiga picha likishachafuka WhatsApp halisafishiki.

Kitu kinachotofautisha nakala na pacha ni kilicho mbele kikilinganishwa na kilicho nyuma. Watu wawili hawawezi kusimama mahali pamoja. Hata wakiwa gari moja, mmoja yuko dirishani na mwingine kajitokeza kwenye paa, na tofauti hiyo ndogo inahamisha vitu: pembe ya ndovu inayogusa ukingo wa theluji katika picha moja haitaugusa katika nyingine; tawi la mgunga linalokata mstari wa upeo hapa, pale litapita juu yake kidogo. Kwa hiyo nazitazama sehemu ambapo kitu cha karibu kinakutana na kitu cha mbali. Nikikuta pembe inagusa theluji pale pale, tawi linakata pale pale, ndege wadogo angani wako pale pale na mabawa yao yamekaa vile vile, hizo ni nakala za picha moja. Nikikuta hata sehemu moja imehama kwa namna ambayo kukata picha hakuwezi kuieleza, nasimama na kuomba radhi moyoni kwa yule niliyemshuku. Wanyama wenyewe wanasaidia pia: michirizi ya punda milia, mabaka ya twiga, matundu na mipasuko ya masikio ya tembo hutofautiana kwa kila mmoja, na watafiti huwatambua kwa hivyo. Ila hilo linathibitisha tu kwamba mnyama ni yule yule. Nani alibonyeza ni swali jingine.

Tembo wa picha yangu walilingana katika kila sehemu. Kwa hiyo ilikuwa picha moja, na swali likawa: ya nani?

Zamani nilikuwa na imani kubwa na kingo za picha. Nakala haiwezi kuwa na kitu ambacho asili haina, kwa hiyo mwenye fremu pana zaidi na pikseli nyingi zaidi ndiye mwenyewe. Bado ni dalili nzuri, lakini tangu mwaka 2023 Photoshop na programu nyingine zinaweza kubuni ardhi, anga na nyasi za kuongeza pembeni mwa picha, na zinaweza kuikuza nakala ndogo ikaonekana kubwa. Kingo peke yake haitoshi tena.

Kilichobaki kuwa na nguvu ni majirani wa picha. Hakuna mpiga picha anayekutana na tembo akabonyeza mara moja na kwenda zake. Kuna fremu za kabla, pale kundi lilipokuwa mbali na lenzi bado inatafuta. Kuna fremu ambazo ndama ameziba, jike amefumba jicho, vumbi limefunika mlima. Kuna za baadaye, mikia tu. Hizi hazipostiwi na mtu yeyote. Hazina uzuri, hazina kazi, zinakaa kwenye kadi au diski hadi zifutwe. Na kwa sababu hazijawahi kuwekwa mtandaoni, mwizi hana njia ya kuzipata. Anachomiliki yeye ni picha moja tu, ile iliyopendwa na watu. Hicho ndicho ninachokiamini kuliko programu zote: mwambie mtu akuonyeshe iliyotangulia na iliyofuata. Ikiwa kamera yake inatoa faili ghafi, yaani picha kama kamera ilivyoinasa kabla ya kuhaririwa, kama CR3 za Canon, NEF za Nikon au ARW za Sony, mwombe azionyeshe hizo. Ikiwa ni simu, na huku kwetu wapiga picha wazuri wengi wanatumia simu, mwambie afungue galari siku ile na ashuke taratibu. Hiyo haihitaji utaalamu wala fedha, na mtu mwaminifu hufurahi kuonyesha.

Nilipomwandikia yule Mkenya, bila kumtaja kijana, nikimuuliza tu kama picha ile ni yake na kama anazo nyingine za tukio lile, alinitumia mlolongo mzima. Kundi likiwa vitone kwenye upeo. Kundi likikaribia. Jike kiongozi akigeuza kichwa. Ile picha yenyewe. Kisha mmoja wa nyuma akipita na mlima umefunikwa na wingu. Mawenzi kushoto katika zote. Sikuhitaji kuuliza lolote zaidi.

Kijana naye nilimwomba hivyo hivyo, kwa heshima ile ile. Alisema alipewa na dereva wa watalii rafiki yake. Kisha akasema aliinunua kwenye grupu. Kisha akanyamaza.

Wengi huniuliza kuhusu taarifa zilizofichwa ndani ya faili, zile za EXIF: aina ya kamera, lenzi, mwanga, tarehe, saa. Ni msaada, ila ujue mipaka yake. Kwanza, WhatsApp, Facebook, Instagram na X kwa kawaida huziondoa picha inapopita, kwa hiyo kukosekana kwake si kosa la mtu. Pili, programu ya bure kama ExifTool inaweza kuzisoma, na inaweza pia kuziandika upya, ikiwemo jina la mpiga picha. Tatu, saa ya kamera huwekwa na binadamu. Kamera nyingi zilizonunuliwa Dubai au Kariakoo bado zina saa ya kiwandani, na tarehe ya ajabu isikushtue. Nikizipata, napenda kutazama namba ya kamera yenyewe, ambayo kamera nyingi huiandika ndani ya faili. Ikilingana na ile iliyo kwenye picha nyingine za mtu huyo za miaka tofauti, nina sababu nzuri ya kumwamini.

Faili pia huhifadhi alama za safari yake. Jina lenye "WA" katikati, mfano IMG, tarehe, kisha WA na namba, lilipitia WhatsApp. Upande mrefu wenye pikseli 1600 hunikumbusha WhatsApp, 2048 hunikumbusha Facebook, upana wa 1080 Instagram. Picha zilizopakuliwa Facebook mara nyingi hubaki na maneno ndani yake yanayoanza na herufi FBMD. Mtu akiniletea faili akaapa ndiyo iliyotoka kwenye kamera yake, nami nikakuta FBMD ndani, najua angalau kwamba faili hiyo ilishapita Facebook. Huenda ni ya kwake na aliipakua mwenyewe baada ya simu kuibwa. Hilo hutokea sana. Ndipo narudi kwa majirani.

Naomba tukumbuke kilichompata Daniel Morel, kwa sababu hakuna kesi inayonichoma kama hiyo. Morel ni mpiga picha wa Haiti. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko lilipoibomoa Port-au-Prince yeye alikuwa mjini, akatoka na kamera, akapiga, na jioni ile ile akaziweka picha kwenye Twitter kupitia TwitPic, huduma ya kuposti picha huko. Mtu mmoja wa Jamhuri ya Dominika akazichukua na kuziweka kwenye akaunti yake kama zake. Shirika la habari la AFP likazichukua kutoka kwa huyu wa pili, likazisambaza duniani likishirikiana na wakala wa picha Getty Images, na magazeti yakazichapisha zikiwa na jina lisilo la Morel. AFP ilipogundua ilituma masahihisho, lakini picha zenye jina lile jingine ziliendelea kuuzwa. Morel alipolalamika, AFP ndiyo iliyotangulia kwenda mahakamani dhidi yake. Ilichukua hadi Novemba 2013 ndipo baraza la wazee wa mahakama New York likaamuru alipwe dola milioni 1.2.

Fikiria mtu amesimama katikati ya maiti za majirani zake akifanya kazi, na usiku huo huo jina lake linafutwa. Na kuligundua hilo kusingehitaji maabara. Muda wa posti ya kwanza na ya pili ulikuwa wazi. Yule mwingine hakuwa mpiga picha, wala hakuwa Haiti. Swali moja lingetosha: uko wapi sasa hivi, na umepiga nini kingine leo? Haraka ndiyo iliyolizuia swali hilo lisiulizwe. Haraka ile ile ninaiona kwenye kurasa zetu za habari kila basi linapopinduka au mto unapofurika: picha inachukuliwa kwenye stetasi ya mtu, inawekewa nembo ya ukurasa, na aliyeipiga kwa simu yake akiwa amezama maji ya magoti haonekani popote.

Kuna wizi mwingine ambao injini hazikuonyeshi ukiwapa picha nzima. Mwaka 2017 msomaji mmoja wa India aliitazama picha ya mpiga picha kijana aliyekwisha kushinda tuzo, iliyopigwa kwenye mtaa wa makahaba Kolkata, akamwona nyuma mtu ambaye alikuwa ameshamwona mahali pengine. Sehemu ile ilikuwa imekatwa kutoka kwenye picha ya Mary Ellen Mark aliyoipiga Falkland Road, Bombay, mwaka 1978, ikabandikwa pale. Kijana alikiri. Kompyuta haikuligundua, mtu aliyependa kazi ya Mark na kuikumbuka ndiye aliyeligundua. Tangu nilipoisoma habari hiyo, picha yenye watu wengi au anga la ajabu naikata vipande, natafuta kila kipande peke yake: anga peke yake, mwezi peke yake, ndege peke yake. Mwezi hasa. Mwezi mkubwa kupita kiasi juu ya jahazi la Lamu au Zanzibar mara nyingi umetoka kwingine.

Ukikosa kabisa, usimtangaze mtu kuwa safi. Sehemu kubwa ya kazi za wapiga picha wetu iko Instagram, TikTok, kwenye kurasa za Facebook na grupu za WhatsApp ambako injini hizi zinaingia kwa shida au haziingii kabisa. Mpiga picha wa Mtwara au Bukavu asiye na tovuti ndiye rahisi kuibiwa, na ndiye mgumu kupatikana. Kwa ajili yake nategemea watu. Naituma picha kwa madereva wa watalii, kwa askari wa hifadhi ninaowafahamu, kwa wenzangu wa Nairobi, Mombasa na Kigali, nikiuliza tu: "Wakuu, kuna anayeijua hii?" Sitaji aliyeileta. Mara nyingi jibu linarudi kabla sijafunga kompyuta: hiyo ni ya fulani, mtafute.

Na jina tofauti pekee halithibitishi wizi. Kuna picha zilizonunuliwa kwa leseni, zilizopigwa kwa kuajiriwa, zilizowekwa Wikimedia Commons kwa ruhusa ya kutumiwa na yeyote anayetaja jina. Kuna mume na mke wanaotumia kamera moja na akaunti moja. Hata jina la wakala mkubwa wa kuuza picha si ushahidi. Mmarekani Carol Highsmith alizitoa maelfu ya picha zake bure kwa Maktaba ya Bunge la Marekani ili umma uzitumie. Desemba 2015 akapokea barua kwa niaba ya wakala wa picha ikimdai dola 120 kwa kutumia picha kwenye tovuti yake mwenyewe, na picha ilikuwa ya kwake. Alifungua kesi mwaka uliofuata, haikufika mbali. Kwa hiyo nikiona jina la wakala kwenye picha, nauliza bado nani alibonyeza.

Sheria iko upande wa mpiga picha zaidi ya wengi wanavyodhani. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Zanzibar ina COSOZA. Kenya ina sheria ya mwaka 2001 na bodi yake, KECOBO. Nchi hizi zimo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, Kenya tangu 1993 na Tanzania tangu 1994, ambao unataka haki ianze kazi inapoundwa, bila kusubiri usajili. Kusajili kunakusaidia kuthibitisha tu. Lakini kabla ya ofisi yoyote, mwandikie mwenye picha. Yeye ndiye anayejua kama alitoa ruhusa, na yeye ndiye mwenye haki ya kuamua kama anataka kulipwa, kutajwa, kuondolewa picha au kunyamaza. Kumposti mwizi bila kumwambia aliyeibiwa ni kumchukulia uamuzi wake pia. Mpe viungo, mpe skrinishoti zenye tarehe na anwani ya ukurasa, hifadhi nakala ya ukurasa kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, kabla haujafutwa, kisha mwachie.

Teknolojia mpya zinakuja. Mwaka 2023 Leica ilitoa kamera ya M11-P inayotia saini ya kidijitali ndani ya picha papo hapo inapopigwa, na nyingine zinafuata njia hiyo. Ni jambo jema, lakini kamera ile bei yake ni ya kiwanja, na wenzangu wengi wataendelea kupiga kwa simu za kawaida kwa miaka mingi ijayo.

Kwa kalenda ijayo tumebadilisha masharti. Kila atakayeleta picha ataleta pia fremu iliyotangulia na iliyofuata, hata zikiwa mbovu, hata zikiwa na kidole kwenye lenzi. Aliyepoteza simu au diski yake atakuja tukae tuzungumze: alikuwa na nani, gari gani, saa ngapi, mlima ulikuwa upande gani. Na ukurasa wa tembo tumeununua kwa yule Mkenya, kwa bei ile ile tunayowalipa wengine, maelezo yakisema wazi kwamba ni Amboseli.